Kibali Kilikuwepo, Filamu Ikashushwa: Kisa cha Nathan Mwenye Hekima mjini Munich, 1923

Mwenye jumba la sinema hana mengi ya kujikinga nayo. Ana viti, ana vioo vya mlangoni, ana pazia jeupe na mashine ya kuoneshea, na vyote hivyo huvunjika. Februari 1923, mjini Munich, mmoja wa watu hao alifikiwa na vitisho vya wafuasi wa Adolf Hitler: akiendelea na filamu ile, jumba lake litageuzwa vipandevipande. Akaishusha. Mahakama haikuwa imetoa hukumu yoyote, wala serikali haikuwa imeandika amri. Filamu ilikuwa na kibali halali cha kuoneshwa Ujerumani, na siku ilipoondolewa kibali kile kilikuwa halali vilevile kama siku kilipotolewa.

Filamu yenyewe ni Nathan der Weise, yaani Nathan Mwenye Hekima. Ni filamu bubu ya mwaka 1922 iliyoongozwa na Manfred Noa kutokana na tamthilia ya Gotthold Ephraim Lessing ya mwaka 1779. Iliyoitengeneza ni Filmhaus Bavaria, kampuni ya Munich hukohuko. Ilikuwa kama mtoto aliyefukuzwa nyumbani kwao.

Kisa hiki kikitajwa, wengi husema kwa kifupi kwamba Wanazi waliipiga filamu marufuku. Hawakuipiga marufuku. Mwanzoni mwa 1923 Wanazi walikuwa chama cha mitaani na kumbi za bia, na hawakuwa na mamlaka ya kupiga marufuku hata tangazo la ukutani. Tukilisema jambo hili kivivu namna hiyo tunaikosa sehemu inayostahili kuchunguzwa: filamu iliyoshinda mbele ya wakaguzi ilishindwaje mlangoni pa sinema?

Tuanze na tamthilia, maana nayo ilizaliwa kwenye ugomvi wa ukaguzi. Lessing alikuwa mkutubi wa Duke wa Braunschweig huko Wolfenbüttel. Alikuwa amechapisha maandishi ya msomi mmoja aliyekwisha kufa, yenye kuihoji Biblia, na hapo akaingia vitani na Johann Melchior Goeze, mchungaji mkuu wa Hamburg. Karatasi zilirushiana makombora hadi mwaka 1778, Duke alipomnyang'anya Lessing ruhusa yake ya kuchapisha mambo ya dini bila kukaguliwa. Ndipo Lessing alipomwandikia rafiki yake Elise Reimarus kwamba atajaribu kuona kama watamwacha ahubiri kwa amani angalau kwenye mimbari yake ya zamani, jukwaa la maigizo. Mwaka uliofuata Nathan ikatoka. Lessing akafa 1781 bila kuiona ikichezwa. Iliigizwa mara ya kwanza Berlin, 1783.

Mahali ni Jerusalem, mwaka ni 1192, wakati wa suluhu katika Vita vya Msalaba. Sultani ni Salahuddin, na msomaji aliyepita madrasa hahitaji kuelezwa huyo ni nani. Nathan ni tajiri wa Kiyahudi anayerudi safarini na kukuta nyumba yake imeshika moto, naye binti yake Recha ameokolewa na askari-mtawa wa Hekalu. Askari huyo mwenyewe anaishi kwa bahati, kwani wenzake wote waliotekwa pamoja naye walikatwa vichwa. Yeye Salahuddin alimwachia kwa kuwa sura yake ilimkumbusha ndugu yake Assad aliyetoweka zamani. Hapo uzi unaanza kufumka. Recha si mtoto wa Nathan wa kumzaa, alizaliwa na Mkristo. Patriaki wa Jerusalem, kiongozi wa Wakristo wa mji, akisikia kwamba Myahudi amemlea mtoto wa Kikristo katika nyumba yake, jibu lake ni moja tu, analirudia kila anapotolewa udhuru: haidhuru, Myahudi achomwe moto. Mwishoni inabainika kwamba Recha na yule askari ni ndugu wa tumbo moja, na baba yao ndiye Assad. Muislamu, Mkristo na binti aliyelelewa Kiyahudi wanajikuta ukoo mmoja. Asiye na damu yao hata tone ni Nathan peke yake, aliyewakutanisha.

(Nisipite bila kusema hili: Lessing aliyaokota majina yake vitabuni mwa Waarabu, na sikio la Mswahili linayatambua kabla ya ufafanuzi. Mlezi wa Recha anaitwa Daja, jina ambalo Lessing alilikuta likiwa na maana ya mlezi. Kwetu tungesema yaya. Dervishi mcheza sataranji anaitwa Al-Hafi, yaani mtembea peku.)

Katikati ya tamthilia ipo hadithi ya pete. Salahuddin hazina yake imekauka, na anamtega Nathan kwa swali: katika dini hizi tatu, ipi ya kweli? Nathan anajibu kwa kisa cha pete iliyorithishwa kutoka kwa baba kwenda kwa mwana apendwaye zaidi, pete yenye nguvu ya kumfanya avaaye apendwe na Mungu na watu. Ikamfikia baba mwenye wana watatu aliowapenda sawasawa. Akachongesha mbili nyingine zisizotofautiana na ya asili, akampa kila mmoja yake kwa siri, akafa. Watatu wakafikishana kwa kadhi. Kadhi hakumpa ushindi yeyote. Aliwaambia kila mmoja aamini kwamba yake ndiyo ya asili, kisha aithibitishe kwa upole na wema wake, na baada ya miaka elfu elfu atakaa kitini mwenye hekima kumshinda yeye, aseme.

Lessing aliyaandika haya kwa mizani isiyo na vina. Malenga wetu wangeiita guni. Na hapo ndipo shida ya mtengenezaji wa filamu bubu inapoanzia. Hekima ya Nathan imo kinywani mwake. Ukimwondolea sauti umebaki na mzee mwenye ndevu anayechezesha midomo mbele ya sultani, na kibao cha maandishi baada ya kibao. Watazamaji wa 1922 hawakutoa nauli kwenda kusoma ukutani.

Noa na mwandishi wake Hans Kyser walichagua njia nyingine. Kile ambacho tamthilia inakisimulia, wao walikionesha. Kisa cha nyuma, cha Assad na mkewe Mkristo, hakingoji kufumbuliwa mwishoni kama kitendawili. Kipo mbele ya macho tangu mwanzo. Wapo wapanda farasi, zipo kuta za mji, upo umati, zipo panga. Lilikuwa ndilo pigo la soko la miaka ile: filamu ya kihistoria yenye jeshi la wachezaji wa ziada, ambayo ingeuzika Berlin na hata nje ya nchi.

Uamuzi huu ndio kiini cha ugomvi uliofuata, kwa hiyo tuusogelee. Katika tamthilia, kitendo cha nne, mtawa mmoja anakuja kwa Nathan. Ndiye aliyemletea kichanga Recha miaka kumi na minane nyuma. Nathan anamfungulia jambo ambalo hajawahi kumfungulia mtu: siku chache kabla ya kuletewa mtoto yule, Wakristo waliwaua Wayahudi wote wa Gath, wake kwa watoto. Mke wake na wanawe saba wenye matumaini walikuwa wamejificha nyumbani kwa ndugu yake, wakateketezwa humo. Siku tatu mchana na usiku alilala majivuni mbele ya Mungu akilia, akigombana naye, akiwaapia Wakristo chuki isiyokwisha. Kisha akili ikamrudia taratibu, ikamwambia ainuke atende kile alichokwisha kukielewa zamani. Akainuka. Na wakati huohuo mpanda farasi akashuka, akamkabidhi mtoto aliyefungwa ndani ya joho. Nathan anasema alimbeba mpaka kitandani pake, akambusu, akapiga magoti, akalia kwa kwikwi: Mungu, kwa wale saba, sasa mmoja amesharudi.

Jukwaani haya yote ni maneno ya mtu mmoja, yanakuja kuchelewa, na mtazamaji amekwishampenda Nathan saa nyingi. Mtawa anayesikiliza ni Mkristo mwema, na anapaza sauti kwamba Nathan ni Mkristo, tena hajapata kuwepo Mkristo bora kuliko yeye. Nathan anamjibu kwamba kinachomfanya yeye awe Mkristo machoni pa mtawa ndicho kinachomfanya mtawa awe Myahudi machoni pake. Maumivu na dawa vimewekwa kwenye bakuli moja.

Filamu inavitenganisha. Inakuonesha kwanza wenye misalaba vifuani wakiua familia za Kiyahudi, dawa utangoja. Kwa mtazamo wangu hapakuwa na namna nyingine ya kukifanya kisa hiki kiwe sinema, na jambo lenyewe halikuzushwa na Kyser: limo kwa Lessing neno kwa neno, na historia ya Jerusalem ya mwaka 1099 ina mauaji ya Waislamu na Wayahudi yasiyohitaji kutiwa chumvi. Lakini lazima tukubali kilichobadilika. Mwaka 1779 mtazamaji alimsikia mfiwa. Mwaka 1922 aliona muuaji, na muuaji alivaa msalaba.

Waigizaji hawakuwa wa kubahatisha. Nathan aliigizwa na Werner Krauss, mwenye umri wa miaka 38 tu, yule aliyekuwa Dokta Caligari katika filamu ya kutisha ya jina hilo miaka miwili kabla. Ndani ya joho na ndevu alizeeka kwa mabega na mikono, bila kupaparika. Fritz Greiner alikuwa Salahuddin, Carl de Vogt askari wa Hekalu, Bella Muzsnay Recha, Lia Eibenschütz dada wa sultani. Mkuu wa askari wa Hekalu ni Max Schreck, ambaye mwaka uleule alikuwa mnyonya damu katika filamu ya Nosferatu, na mtu akishamwona mle hawezi kumwamini tena akiwa amevaa chochote. Noa mwenyewe alikuwa Myahudi, mzaliwa wa Berlin, hajafika miaka 30 filamu ilipokwisha.

Sasa sheria. Katiba ya Weimar, yaani ya jamhuri ya Ujerumani ya wakati ule, ibara ya 118, ilikataza ukaguzi wa maandishi na maonesho, ila sinema ikatengewa mlango wake. Mlango huo ulijengwa na sheria ya filamu ya tarehe 12 Mei 1920. Ofisi za ukaguzi zikawa mbili, Berlin na Munich, na juu yao baraza la rufaa lililokaa Berlin. Filamu ilikataliwa ikiwa ingehatarisha amani na usalama wa umma, ikiwa ingeumiza hisia za dini, ikiwa ingewafanya watu wakatili au kuwaharibu tabia, au ikiwa ingelichafua jina la Ujerumani nje.

Ukiishia hapo utadhani ni wavu wa kunasa kila samaki. Lakini walioiandika walitia vizuizi viwili, na si vya bure. Cha kwanza: filamu haiwezi kukataliwa kwa sababu ya mwelekeo wake wa kisiasa, kijamii, kidini au kimaadili peke yake. Cha pili: haiwezi kukataliwa kwa sababu zilizo nje ya yaliyomo ndani ya filamu yenyewe.

Shika hicho cha pili. Mkaguzi anatazama picha, halafu anaamua. Hatakiwi kuuliza nani mtaani atakasirika, ana rungu kiasi gani, na kituo cha polisi kiko umbali gani.

Kampuni ikiwa ya Munich, kazi yake ilipitia ofisi ya Munich. Ofisi ile iliikataa, kwa hofu ya ghasia ambazo filamu ingezizusha. Hofu haikuwa ya kubuni. Tarehe 24 Juni 1922 Walther Rathenau, waziri wa mambo ya nje, Myahudi, alipigwa risasi ndani ya gari lake Berlin na vijana wa mrengo wa kulia. Chuki dhidi ya Wayahudi haikuwa tena mazungumzo ya mezani. Ila tazama hoja yenyewe ilivyosimama: filamu inayosihi watu wa dini tatu wavumiliane inazuiwa kwa sababu wasiotaka kuvumiliana watafanya fujo. Tatizo liko ndani ya filamu au nje yake? Kwa sheria ile ile waliyokabidhiwa, wakaguzi wa Munich walikuwa wamevuka mpaka. Kibali kikaja kupatikana Berlin, na tarehe 29 Desemba 1922 filamu ikazinduliwa hukohuko, katika jumba la Alhambra barabara ya Kurfürstendamm.

Hadi hapa mwanasheria angefunga jalada akaenda kunywa kahawa. Mfumo umefanya kazi: ofisi ya chini imekosea, Berlin imerekebisha, filamu iko kwenye pazia.

Munich hawakuwa wanakunywa kahawa ileile. Tarehe 11 Januari 1923 majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji yaliingia bonde la Ruhr, eneo la viwanda la Ujerumani. Sarafu ilikuwa inaporomoka. Dola moja ilikwenda kwa wastani wa mark 18,000 hivi mwezi huo. Mwishoni mwa Januari chama cha Hitler kiliitisha mkutano wake mkuu mjini. Serikali ya Bavaria, jimbo lenye Munich kuwa makao makuu, ikihofia mapinduzi, ikatangaza hali ya hatari tarehe 26. Mkuu wa polisi Eduard Nortz alitaka mikutano ya hadhara ipunguzwe. Jeshi likamwombea Hitler, katazo likalegezwa, na Hitler akafanya mikutano yake yote kumi na miwili kama alivyokuwa ameitangaza. Hakuguswa. Mwanzoni mwa Februari gazeti la chama, Völkischer Beobachter, likaanza kutoka kila siku.

Jiweke basi kwenye viatu vya mwenye sinema. Umeona kwa macho yako serikali ikitangaza hali ya hatari asubuhi na kunywea jioni. Anakuja mtu anakuambia jumba lako litavunjwa. Utakimbilia polisi? Polisi wale wale? Nimesoma watu wanaomlaumu kwamba alikuwa mwoga, na lawama hiyo naiona rahisi mno. Alikuwa na kibali cha filamu. Kibali hakiji na askari wa kusimama mlangoni. Sheria ya 1920 ilimlinda mtengenezaji dhidi ya mkaguzi, na kazi hiyo iliifanya vizuri. Kumlinda mwonyeshaji dhidi ya mtu mwenye rungu liliachiwa polisi wa kila siku, na polisi wa kila siku wa Munich walikwishaonesha wanasimama wapi, au tuseme hawasimami wapi.

Wala hii haikuwa mara ya kwanza mjini mle. Februari 1921, miaka miwili kamili kabla, tamthilia ya Arthur Schnitzler, Mwaustria wa asili ya Kiyahudi, ilivamiwa jukwaani Munich kwa mabomu ya uvundo na ngumi. Polisi walifanya nini? Walizuia maonesho yaliyosalia kwa ajili ya usalama wa umma. Aliyepigwa ndiye aliyefungiwa. Kila mhuni wa mjini alipata somo bila ada: ukitaka kazi ya sanaa isimame, fanya fujo ya kutosha, halafu waachie wenye mamlaka waite fujo yako sababu.

Kisa cha Nathan kiliongeza jambo moja juu ya somo hilo, na kwangu ndilo linalokifanya kistahili kuandikwa peke yake. Mwaka 1921 ilibidi fujo zifanyike kwanza. Mwaka 1923 fujo zilitajwa tu. Gharama ikashuka hadi kuwa ujumbe. Na kwa kuwa kilichotokea kilikuwa makubaliano kati ya mtu na woga wake, hakuna waraka wa kukatia rufaa. Kampuni ingeweza kumshtaki nani? Ofisi ya ukaguzi ilikuwa upande wake. Mwenye sinema alikuwa mteja. Waliotishia hawakuwa mamlaka.

Kuna hoja moja ya upande wa pili inayohitaji kujibiwa, kwa sababu inaonekana ya busara. Inasema: watengenezaji wangeipunguza makali, wangeyarudisha mauaji ya Gath mdomoni mwa Nathan, na Patriaki wakamfanya apoe kidogo. Sidhani ingesaidia. Waliokuja na vitisho hawakuwa na ugomvi na panga za sehemu ya kwanza. Kilichowachoma ni Nathan mwenyewe: Myahudi mzee aliye mtu bora kuliko wote waliomo, anayeheshimiwa na sultani, anayemlea mtoto wa waliomuulia watoto. Huyo huwezi kumkata kwa mkasi ukabaki na hadithi. Tamthilia ya Lessing ilikuwa mali ya kila shule ya Ujerumani, ikitajwa katika hotuba za heshima kama fahari ya taifa. Iliweza kuachwa rafuni kwa amani muda wote ilipokuwa kitabu. Sinema iliipeleka kwa mtu asiyenunua vitabu.

Miezi mitatu baadaye, Mei 1923, Bertolt Brecht alikuwa na tamthilia yake mpya katika jumba la serikali, Residenztheater, hapohapo Munich. Gesi ikarushwa ndani, na baada ya maonesho sita ikaondolewa. Novemba Hitler akajaribu mapinduzi. Desemba 1930 mbinu ikahamia Berlin: Joseph Goebbels na watu wake waliingia katika onesho la filamu ya Marekani iliyotokana na riwaya ya Erich Maria Remarque kuhusu vita, wakaachia panya weupe na mabomu ya uvundo chini ya viti. Siku chache tu baadaye, tarehe 11 Desemba, baraza la rufaa la Berlin likaifutia filamu ile kibali kwa hoja kwamba inalichafua jina la Ujerumani. Ni sheria ileile ya 1920, yenye kizuizi kilekile cha sababu zilizo nje ya filamu. Safari hii muhuri wenyewe uliinama.

Wanazi walipotwaa madaraka hawakuhitaji tena kutuma ujumbe. Nathan ikatoweka katika majukwaa ya Ujerumani, isipokuwa mahali pamoja. Wasanii wa Kiyahudi, waliofukuzwa kazini, walikusanywa katika Jumuiya ya Utamaduni ya Wayahudi, wakaruhusiwa kuigiza mbele ya Wayahudi wenzao tu. Tarehe 1 Oktoba 1933, Berlin, walifungua pazia lao la kwanza kwa tamthilia hii. Miaka kumi na miwili baadaye, 7 Septemba 1945, mji ukiwa kifusi, Deutsches Theater ilifunguliwa tena, na kazi iliyochaguliwa ilikuwa hiyohiyo.

Manfred Noa hakuyaona haya. Alikufa Desemba 1930. Filamu yake ilihesabiwa imepotea, kama zilivyopotea filamu bubu nyingi mno, hadi nakala ilipojitokeza miaka ya 1990 katika ghala la filamu la Gosfilmofond, Urusi. Jumba la makumbusho ya filamu la Munich ndilo lililoichukua na kuifufua, pamoja na rangi zake za kutiwa, na 2006 likaitoa kwenye diski. Mji alimotishwa mwonyeshaji ndio ulioifufua. Baadaye Rabih Abou-Khalil, mpiga udi kutoka Lebanon aliyehamia Ujerumani, aliitungia muziki. Ukiitazama leo ukiwa na udi masikioni, Jerusalem ile ya mbao na plasta haikusumbui tena kama inavyosumbua kimyakimya.

Na Werner Krauss? Aliendelea kupanda. Mwaka 1940 aliigiza katika Jud Süß, filamu ya propaganda iliyotengenezwa kwa usimamizi wa Goebbels, na humo hakupewa Myahudi mmoja bali kadhaa, mmoja mmoja akiwachonga kwa sura, mgongo na mwendo ili wachukize. Mwaka 1943, katika Burgtheater ya Vienna, alikuwa Shylock, yule mkopeshaji ambaye sisi tunamjua kupitia Mabepari wa Venisi ya Mwalimu Nyerere, na alimcheza kama utawala ulivyotaka achezwe. Kipaji ni kilekile. Mabega yale yale yaliyombeba Nathan.

Baada ya vita alifunguliwa mashtaka, akazuiwa kazi kwa muda, kisha akarudi jukwaani. Katika ulimwengu wa waigizaji wa lugha ya Kijerumani kuna pete moja, pete ya Iffland, anayeivaa mmoja tu, anayehesabiwa bora kuliko wote, hadi kufa kwake. Mwenye pete kabla yake alikuwa Albert Bassermann, aliyeihama Ujerumani ya Hitler kwa sababu mkewe alikuwa Myahudi. Bassermann aliteua warithi watatu, Girardi, Pallenberg na Moissi, na wote watatu walitangulia kufa. Alipokufa wa tatu, Bassermann aliiweka pete juu ya jeneza la Moissi, wakaja kuiondoa pale wengine. Bassermann mwenyewe alikufa 1952 bila kutaja jina la nne. Mwaka 1954 wenye kuamua wakaamua bila yeye, na pete akavishwa Krauss.